Winfried Schäfer: kocha kweli au alibebwa na kina Eto'o?

Chalii wa Ngarenaro:
Wadau, kijiweni hapa jirani na uwanja wa Sheikh Amri Abeid tumebishana mpaka kahawa imepoa. Kuna mzee kashikilia kwamba yule Mjerumani mwenye manywele aliyekuwa na Kamerun 2002, Winfried Schäfer, hakuwa kocha wa maana. Eti aliikuta timu imeshachukua AFCON 2000 na dhahabu ya Olimpiki kule Sydney. Ukiwa na Eto'o, Mboma, Song na Foé hata muuza kahawa anabeba kombe. Mimi namkumbuka kwa zile jezi zisizo na mikono tu. Nani anaijua historia yake kabla ya Afrika?

Mangi wa Soweto (Moshi):
Mwambie mzee, shikamoo yake kwanza, halafu aanzie Karlsruhe, klabu ya kule Ujerumani. Schäfer alikuwa kiungo wa Borussia Mönchengladbach, bingwa wa Ujerumani 1970, akaja kurudi hapo na kubeba Kombe la UEFA 1979. Karlsruhe alipewa 1986 ikiwa daraja la pili. Mwaka uliofuata akaipandisha, na akakaa nayo karibu miaka 12. Huku kwetu kocha akipoteza mechi tatu anaanza kupanga begi!

Sasa sikia ya Novemba 1993. Wametoka kupigwa 3-1 Valencia, Kombe la UEFA. Marudiano nyumbani: 7-0. Edgar Schmitt peke yake kaweka nne. Golini yupo Oliver Kahn, mtoto wa mji huohuo. Walifika nusu fainali, wakatolewa na Salzburg ya Austria kwa faida ya bao la ugenini. Kiangazi hicho Bayern wakamchukua Kahn, kama walivyomchukua Mehmet Scholl 1992. Hapo ndipo namvulia kofia: anakuza, wakubwa wanavuna, anaanza tena na wengine. Walimtimua Machi 1998, na msimu uleule klabu ikashuka daraja.

Na Kamerun yenyewe, AFCON ya Mali 2002, mechi sita hawakuruhusu bao hata moja. Fainali na Senegal suluhu, wakashinda kwa matuta 3-2, Aliou Cissé akikosa la mwisho. Mastraika alirithi, sawa. Ule ukuta je?

Dada wa Kijenge:
Mangi unapamba, umeruka Kombe la Dunia 2002 makusudi. Sare na Ireland, ushindi wa 1-0 dhidi ya Saudi Arabia, kisha Wajerumani wenzake wakamtoa 2-0. Najua wachezaji walichelewa kufika Japani kwa mgogoro wa posho, hilo simbebeshi yeye. Ila AFCON 2004 walitolewa na Nigeria robo fainali, na Eto'o yumo. Kwangu mimi mzee ana nusu ya haki.

Chalii wa Ngarenaro:
Dada umemkamata. Baada ya hapo alizama?

Mangi wa Soweto (Moshi):
2004 nakubali, dada yangu, hapo hana utetezi. Lakini azame wapi? Alizunguka Dubai, Thailand, mpaka Iran, akabeba kombe la taifa na klabu ya Esteghlal 2018. Ila kubwa ni Jamaika: 2015 aliwafikisha fainali ya Gold Cup, ile AFCON ya Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani, nusu fainali wakiwatoa Marekani 2-1 palepale Atlanta. Fainali wakalala 3-1 kwa Meksiko. Chalii, muulize mzee Eto'o wa Jamaika alikuwa nani, halafu mlipie kahawa nyingine, ile imeshapoa.