Mrejesho: Niliyeuliza kujipanga kwa Law School (mafunzo ya uwakili baada ya digrii) nikiwa bado nasoma LLB, digrii ya sheria

Wakuu habari za siku. Mwaka juzi nikiwa mwaka wa tatu niliuliza hapa mtu wa bumu (hela ya mkopo wa chuo) kama mimi ada ya Law School ataitoa wapi, nikawa nimeogopa zaidi na yale matokeo ya Law School ya 2022, watahiniwa 633 na waliofaulu moja kwa moja 26 tu. Asanteni sana mlionijibu, hata yule aliyeniambia nikauze chipsi.

Sasa iko hivi. Ushauri wenu wa kutenga elfu ishirini kila bumu likiingia na kuiweka kwenye kibubu cha simu, umefanya kazi ila nusu, maana semista ya mwisho bimkubwa aliumwa nikakivunja chote. Kilichoniokoa ni kazi ya kuchapa na kudurufu kwenye steshenari ya jirani, huko ndo nimetoa awamu ya kwanza ya ada.

Kosa langu transkripti (cheti cha matokeo ya chuo), nilichelewa kuifuatilia nikakosa intake ya kwanza. Nyie mlio mwaka wa mwisho anzeni kuidai mapema.

Nimeripoti Law School wiki iliyopita. Chumba tunachangia wawili, Sinza.