Nitajuaje kama betri itanifikisha Voi?

Dereva wa Nyali: Wanajukwaa, salaam. Nina gari la umeme, Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, ambayo kwa uchakavu sasa inahifadhi 34 hivi. Mjini Mombasa dashibodi huniahidi zaidi ya kilomita 200, lakini nikishika barabara kuu tarakimu hiyo huporomoka haraka kuliko kilomita ninazokwenda. Nitajuaje kabla ya kuondoka kwamba nitafika Voi, takriban kilomita 160, bila kuchaji njiani?

Fundi: Ndugu yangu, dashibodi hukadiria kwa kutazama ulivyoendesha hivi karibuni, na mwendo wa foleni si mwendo wa barabara kuu. Afadhali upige hesabu mwenyewe. Gari la kilo 1,800 pamoja na abiria, likienda kilomita 80 kwa saa penye tambarare, hutumia karibu kilowati-saa 13 kwa kilomita 100, ukijumlisha msuguano wa matairi, ukinzani wa hewa, kiyoyozi na nishati inayopotea kwenye mota. Kwa mwendo wa 100 hufika 16, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Kisha kuna kupanda, ambako wengi hukusahau kwa kuwa hawauoni mlima: Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kulipandisha gari hadi huko hudai kilowati-saa 3 na ushei. Jumla ni 24 kwa mwendo wa 80, au 29 kwa mwendo wa 100. Mimi sikubali kufika na chini ya 5, na mwendo wa 100 ungekuacha mpakani kabisa, kwa hiyo ningekwenda 80.

Mwanatakwimu: Hesabu ya Fundi ni sahihi, ila haina upepo. Ukirudi Mombasa msimu wa kusi, upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikupiga usoni, gari la mwendo wa 80 hukabili ukinzani wa hewa wa mwendo wa 100. Ndiyo maana nashauri uandike kila safari: umbali, mwendo wa wastani, mzigo, upepo, chaji ya kuanzia na ya kumalizia. Safari kumi zitatosha kusahihisha vile viwango vya Fundi vilingane na matairi yako na mguu wako. Programu za kujifunza kwa mashine, yaani za kompyuta zinazojifunza zenyewe kutokana na data, hufanya kazi hiyohiyo kwa data nyingi zaidi, lakini iliyofunzwa kwa data ya baridi ya Ulaya, ambako kipasha joto ndicho kinachokula betri, itakukosea hapa Pwani.

Fundi: Upepo nakubali. Wakati wa kurudi, mteremko utakurudishia sehemu tu ya zile 3.