Kompyuta ya nyumbani nzito na inayoshukiwa kuwa na programu za kijasusi: tupeane uzoefu wa kuisafisha

#1
Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa kazi moja: kompyuta ya Windows ya nyumbani imekuwa nzito, kivinjari kinafungua kurasa ambazo hakuna aliyeziomba, na kuna wasiwasi kwamba ndani yake kuna kitu kinachonasa nywila. Wengi husafisha, siku mbili tatu uchafu umerudi. Mwenye kujua hatua zake aziweke pamoja na sababu: kipi kitangulie, na watu huharibia wapi. Ile ya "piga Windows mpya tu" tuiache mwisho kwanza.

#2
Anza kwa kutenganisha uzito na ujasusi. Programu ya kijasusi ya kweli hujitahidi isionekane, kwa hiyo mara nyingi haili hata kiasi cha kukushtua. Kinacholemaza kompyuta ni matangazo, programu za kuchimba sarafu za kidijitali, au kifaa chenyewe kuchoka.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, kisha bofya kichwa cha safu ya Disk ili vinavyokula zaidi vije juu. Ukiona diski iko 100% lakini kasi yenyewe ni MB 1 au 2 kwa sekunde, na ndani kuna diski ya kuzunguka ya zamani, hiyo ni diski inayohangaika kusoma vipande vilivyotawanyika. Hakuna antivairasi itakayoiponya. Ukiona CPU, yaani kichakataji, iko juu wakati hakuna kazi inayofanyika, feni inanguruma, halafu kila kitu kinatulia ghafla unapofungua Task Manager, shuku mchimba sarafu. Baadhi yao wameandikwa wajizime wakiona dirisha hilo.

Jina lisikudanganye. svchost.exe ni ya Windows, tena huwa nyingi kwa wakati mmoja. Bofya kulia, chagua Open file location. Ikikupeleka C:\Windows\System32, sawa. Ikikupeleka kwenye AppData, Temp au folda yenye jina la herufi zisizosomeka, hiyo siyo ya Windows. Angalia na tahajia: scvhost, svch0st yenye sifuri.

#3
Mkuu #2 kamaliza utambuzi, mimi niongeze mpangilio wa kusafisha, maana hapo ndipo tatizo linaporudia.

Kabla ya yote, pakua zana zako kwenye kompyuta nyingine iliyo safi na uziweke kwenye flashi: AdwCleaner (ya kung'oa programu za matangazo), Malwarebytes na Microsoft Safety Scanner (za kusaka programu mbaya), na Autoruns (inayoorodhesha vyote vinavyojiwasha pamoja na Windows). Zichukue kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe tu. Ukitafuta "ondoa virusi bure" kwenye injini ya utafutaji, matokeo ya juu yaliyolipiwa ndiyo mlango mwingine wa uchafu uleule. Safety Scanner ipakue siku ileile ya kazi, kwa sababu nakala yake huisha muda siku 10 baada ya kuipakua.

Kisha kata intaneti kwenye kompyuta mgonjwa: chomoa waya au zima Wi-Fi. Programu nyingi za aina hii zina sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kuirudisha ile kubwa kutoka mtandaoni ikifutwa. Ukisafisha huku intaneti iko hewani, unafuta huku na yeye anapakua kule.

Ingia Safe Mode, hali ambayo Windows huwaka na vitu vya lazima tu: shikilia Shift huku unabofya Restart, nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Usibonyeze 5, hiyo inakuja na mtandao. Diski yako ikiwa imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows wa kulinda diski, unaweza kuulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute mapema, kwa kawaida huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

Ukiwa humo endesha Safety Scanner, uchague uchunguzi kamili. Katikati ya kazi itakuonyesha hesabu ya faili zilizoambukizwa, na mwisho inaweza kusema hakuna kitu. Watu hupanik hapo. Ile hesabu ni ya vitu vinavyoshukiwa kabla havijahakikiwa. Jibu la kuamini ni la mwisho, na kumbukumbu yake iko C:\Windows\debug\msert.log.

#4
Nyongeza mbili.

Moja, usiitegemee Defender, antivairasi inayokuja na Windows, ukiwa ndani ya Safe Mode. Njia yake nzuri ni ule uchunguzi wa nje ya Windows: Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka tena, ikachunguza kabla Windows haijapanda, kama dakika 15 hivi. Mdudu hapo hana pa kujifichia kwa sababu hajawashwa.

Mbili, na hii ndiyo inayosahaulika: kabla ya kuchunguza, angalia orodha ya Exclusions, yaani vitu ambavyo Defender imeambiwa isivichunguze, kwenye mipangilio yake. Programu mbaya ikipata ruhusa ya msimamizi hujiandika humo, au huandika C:\ nzima, na kuanzia hapo Defender inapita juu yake na kukwambia kompyuta ni salama. Fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, andika Get-MpPreference, soma mistari ya ExclusionPath na ExclusionProcess. Usichokiweka wewe, kiondoe, ndipo uchunguze upya.

#5
Baada ya uchunguzi fungua Autoruns kama msimamizi. Kwenye Options weka Hide Microsoft Entries, la sivyo utazama kwenye mistari mingi isiyokuhusu. Mistari ya njano ni vitu ambavyo faili lake halipo tena, mabaki tu. Ya waridi ni vile visivyo na saini ya mtengenezaji iliyothibitishwa: siyo lazima viwe vibaya, lakini ndiyo pa kuanzia. Ondoa tiki, usifute. Ukikosea unarudisha tiki, kompyuta inaendelea. Aliyefuta dereva ya kibodi anabaki kutazama skrini.

Pitia vizuri sehemu ya Scheduled Tasks. Kazi yenye jina la kujifanya sasisho la kivinjari, inayoita PowerShell au wscript kila baada ya saa moja, ndiyo hiyo inayowafanya watu waseme "nilifuta ikarudi".

#6
Kivinjari nacho kina ya kwake. Matangazo yanayotokea pembeni chini ya skrini, "kompyuta yako ina virusi 5", mara nyingi si virusi hata kidogo. Ni tovuti iliyopewa ruhusa ya kutuma arifa pale mtu alipobofya Allow. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications na uondoe zote usizozijua.

Ukurasa wa mwanzo ukibadilika hata baada ya kuurekebisha, angalia ikoni ya kivinjari: bofya kulia, Properties, soma kisanduku cha Target. Kiishie kwenye .exe na alama ya kufunga. Kikifuatiwa na anwani ya tovuti, futa hiyo anwani. Na kiendelezi kisichokubali kuondolewa kwa kawaida kimewekwa kwa sera: fungua chrome://policy uone. Kwenye kompyuta ya nyumbani ambayo haijawahi kuwa ya ofisi, sera ya ExtensionInstallForcelist ni ya kutiliwa shaka moja kwa moja.

#7
Wakuu, na intaneti inapokata kabisa baada ya kusafisha, wakati simu kwenye Wi-Fi hiyohiyo inafanya kazi?

#8
#7, hiyo ni proksi iliyoachwa. Mdudu alikuwa anapitisha kurasa zako ndani yake, kwenye anwani 127.0.0.1, yaani kompyuta yako yenyewe. Yeye kaondoka, Windows bado inabisha mlango wake. Settings, Network & internet, Proxy, zima Use a proxy server. Ikigoma, fungua dirisha la amri kama msimamizi: netsh winsock reset, kisha ipconfig /flushdns, washa upya. Hapohapo fungua kwa Notepad faili la C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Kwa kawaida mistari yake yote huanza na alama ya #. Mstari unaotaja tovuti ya benki au ya antivairasi, uondoe.

#9
Nywila zisibadilishwe kwenye kompyuta hiyo kabla haijasafishika. Unakuwa unamwandikia mpya mezani kwake. Tumia kifaa kingine, anza na barua pepe kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote, halafu benki, halafu mitandao ya kijamii. Na kubadilisha peke yake hakutoshi: wezi wa siku hizi hubeba vidakuzi vya kivinjari, ambavyo humwingiza mtu kwenye akaunti bila kuulizwa nywila wala msimbo wa simu. Tafuta kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote, ukibonyeze.

Kama kilichokutwa ni mwizi wa nywila au kitu cha kumpa mtu udhibiti wa mbali, hapo naungana na wale wa kupiga Windows mpya. Kusafisha kunaondoa kilichoonekana tu. Flashi ya GB 8, Media Creation Tool (programu ya Microsoft ya kuandaa flashi ya kusakinishia Windows) kwenye kompyuta safi, futa diski yote. Rudisha picha na nyaraka. Programu za kusakinisha zilizokuwa kwenye Downloads ziache zife.

#10
Kwa wenye diski ya kuzunguka, hiyo ndiyo nafasi ya kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Laptopu nyingi za zamani hupokea SATA ya inchi 2.5. Msinakili diski yenye uchafu kwenda mpya, mnahamisha na mgeni wake. Sakinisheni upya. RAM ikiwa GB 4, ifikisheni 8 kama kuna nafasi. Na antivairasi mbili zenye ulinzi wa wakati wote kwenye kompyuta moja ni kazi maradufu kwa kila faili linalofunguliwa. Chagueni moja. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, mlizingatie hilo kabla ya kununua vipuri vya mashine isiyopokea Windows 11.

Mkishamaliza, tengenezeni akaunti ya kawaida ya matumizi ya kila siku, ya msimamizi ibaki pembeni na nywila yake. Watoto wasipewe ya msimamizi hata kwa dakika tano za kusakinisha gemu.

#11
Kuna hali moja ambayo hatua zote za juu zisubiri: pale aliyeweka ujasusi ni mtu wa nyumbani, mwenza au ndugu. Ukiondoa, anajua siku hiyohiyo. Kama kuna hofu ya kupigwa, kwanza tafuta msaada kwa kutumia kifaa ambacho hajawahi kukishika, na upige picha ya ulichokiona. Angalia pia nyuma ya kompyuta: kifaa kidogo kilichochomekwa kati ya waya wa kibodi na tundu la USB hurekodi kila herufi, na hakuna programu ya antivairasi inayokisoma.