Moto ukizuka chini usiku, tulio juu tutoke vipi?

Mkaazi wa Malindi:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunakaa nyumba ya ghorofa mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ngazi ni moja tu nayo ni ya mbao, madirisha yana nondo, na usiku mlango wa chini tunautia kufuli kwa kuhofia wezi. Jiko la gesi liko chini, na bi mkubwa wetu, anayelala juu, hawezi kwenda mbio. Naomba ushauri.

Mstaafu wa zimamoto:
Wa alaykum salaam. Katika moto wa nyumba, wengi huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia, na kwenu moshi utapanda kwa ngazi hiyo kama upandavyo ndani ya dohani. Kwa hivyo laleni milango ya vyumba ikiwa imefungwa, maana mlango wa mbao nzito huzuia moshi kwa dakika zinazotosha kuokoa roho. Mkisikia harufu ya moshi, gusa kwanza mlango kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto usiufungue. Ziba upenyo wa chini kwa kanga iliyoloweshwa, kisha nendeni dirishani mkaite watu. Ukiwa baridi, fungua taratibu, mtambae kwa kuwa hewa iliyo nafuu iko karibu na sakafu, na kila mlango mnaoupita mfunge nyuma yenu. Ufunguo wa kufuli utundikwe pale pale karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto ataupata gizani. Mkishatoka, asirudi mtu ndani, hata kwa ajili ya hati za nyumba.

Fundi wa Darajani:
Nondo za dirisha moja zinaweza kuwekewa bawaba na komeo linalofunguliwa kwa ndani bila ya ufunguo. Ila Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, basi pata kwanza ruhusa ya mamlaka husika. Tena, gari la zimamoto haliingii katika vichochoro vyetu vingi, kwa hivyo anayepiga simu amtume mtu barabarani akawaongoze.

Mkaazi wa Malindi:
Ahsanteni sana. Na bi mkubwa, ambaye magoti hayamruhusu kutambaa?

Mstaafu wa zimamoto:
Mhamishieni chumba cha chini kilicho karibu na mlango na mbali na jiko, na mtungi wa gesi ufungwe kila usiku. Ikibidi kumtoa katika moshi, alazwe juu ya blanketi na avutwe sakafuni, kichwa kikitangulia. Lifanyeni zoezi hilo mchana, naye akiwepo, ili asishtuke.