Fotokopi ya kitambulisho chako iko wapi sasa? Mjadala wa daftari la wapangaji, Nakuru

Mleta mada (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Naleta hoja hii leo kwa sababu Jumamosi kuna kikao mtaani kwetu, na sitaki jambo lipitishwe kwa makofi halafu tuje kulia baadaye.

Wiki mbili zilizopita nilinunua mandazi manne stejini asubuhi, yakafungwa kwa karatasi kama kawaida. Nilipofika kazini na kuyafungua nikakutana na uso wa binti. Ilikuwa fotokopi ya kitambulisho, mbele na nyuma kwenye ukurasa mmoja. Mafuta yalikuwa yamelowesha shavu lake, lakini mengine yote yalisomeka: majina matatu, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, wilaya, tarafa, kata, kata ndogo. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, mtu alikuwa ameandika namba ya simu na maneno "Chumba 14, dipoziti imelipwa".

Nikapiga ile namba. Nikajieleza kwa upole kadiri nilivyoweza, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amekupa namba yangu?" Nilipomwambia nimeipata kwenye mandazi, alinyamaza kitambo kirefu. Alikuwa amehama ile ploti tangu mwaka juzi. Akaniomba kitu kimoja tu, niichome. Niliichoma kwenye jiko la mama wa chai, nikampigia tena kumwambia imeungua yote.

Sasa kuhusu kikao. Mtaa wetu, ambao sitautaja jina, umeandamwa na wizi: mitungi ya gesi, televisheni, mpaka nguo kwenye kamba. Mimi mwenyewe nilivunjiwa kufuli, kwa hiyo uchungu wa kuibiwa naujua. Wazee wa nyumba kumi wamependekeza kila mwenye ploti akusanye kwa kila mpangaji fotokopi ya kitambulisho, namba ya simu, mahali pa kazi, jina la jamaa wa karibu, na "nyumbani asili". Nakala moja ibaki kwa keateka, yaani mwangalizi wa ploti, ya pili kwa mzee wa nyumba kumi, ya tatu ipelekwe ofisini kwa chifu.

Mpangaji ajulikane, hapo sina ubishi. Mwenye nyumba akishike kitambulisho, akisome, aandike jina na namba ya simu, amrudishie mwenyewe papo hapo. Fotokopi isipigwe, na lile swali la nyumbani asili lifutwe kabisa. Kati ya hao watu watatu watakaokaa na karatasi zetu, hakuna hata mmoja aliyetuambia ataziweka wapi, nani ataruhusiwa kuzisoma, na zitaharibiwa lini. Yule binti wa chumba 14 alimwamini mtu mmoja tu, na tazama alipofika.

Nawasikiliza.

Mama mwenye ploti (Kaptembwo)

Mwanangu, pole kwa kuvunjiwa. Lakini wewe unaliangalia jambo hili ukiwa chumbani, mimi naliangalia nikiwa getini. Nina vyumba 22. Mwaka 2022, wanawake wenzetu walipouawa kule Mawanga, hapa hapa Nakuru, mmoja baada ya mwingine, sisi huku hatukuwa tunalala. Hapo ndipo nilipoanza kuchukua fotokopi, sikungoja chifu aniambie.

Na kuna jingine. Kijana wangu wa chumba cha nane alianguka bafuni akafa. Mtoto mpole, kodi hakuwahi kusukumwa. Simu yake ilikuwa na namba ya siri, hakuna aliyeweza kuifungua. Siku nne mwili uko mochari na mimi sijui mama yake ni nani. Nilijua jina moja, lile la kumwita. Mwishowe jirani akasema huyu alikuwa akiongea kama watu wa Mumias, tukaanza kuulizia huko, ndipo akapatikana mjomba. Nilipomkabidhi nguo za yule mtoto niliapa sitampangisha tena mtu nisiyejua kwao. Sasa niambie, nisiulize nyumbani asili?

Wa bodaboda (Free Area)

Mimi kila nikipeleka mzigo kwenye geti naandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu kwenye daftari la soja. Wakati mwingine mara kumi kwa siku. Hakuna lililowahi kunipata. Asiye na la kuficha anaogopa nini? Mwizi ndiye anayeogopa kuandikwa. Mnataka faragha huku mitungi ya gesi inaondoka.

Mwanafunzi wa sheria (Kisumu)

Ndugu yangu wa bodaboda, siku moja kabla ya kuandika mstari wako soma mistari iliyo juu yake. Utaona jina, kitambulisho na simu ya kila aliyepita pale tangu asubuhi, na anayekuja nyuma yako anaona yako. Mtu akikupigia akakutaja majina yako yote matatu na namba ya kitambulisho, akajifanya anatoka kwenye kampuni ya simu, utamwamini. Ulaghai wa kuhamisha laini ya mtu na kumfagilia pesa zake unaanzia kwenye taarifa kama hizo.

Mama, pole sana kwa yule kijana. Nitarudi kwako, ngoja kwanza niseme sheria ilivyo, maana wengi wanadhani faragha ni mambo ya watu wa Nairobi na intaneti. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hakikomei kwenye kutopekuliwa nyumba. Kinasema pia habari za familia yako na mambo yako ya binafsi yasidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja. Hapo kwenye "pasipo haja" ndipo penye mjadala wetu wote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaeleza kwa vitendo: anayekusanya akwambie anachukua nini na kwa nini, achukue kinachotosha tu, asikae nacho baada ya haja kwisha. Na inahusu faili za karatasi zilizopangwa sawa na inavyohusu kompyuta. Keateka hawezi kusema yeye hana mtambo.

Serikali yenyewe imebanwa na mambo hayo. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza mpango wa Huduma Namba, ule wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, kukusanya DNA na kunasa kwa satelaiti mahali watu wanapoishi, ikasema mpango usiendelee bila kanuni za kutosha za kulinda data. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikasema kadi zilitolewa bila kwanza kupima hatari ya data za wananchi, jambo ambalo sheria ya 2019 inalidai. Ikiwa Serikali Kuu pamoja na mawakili wake wote ilizuiwa, sioni kwa nini daftari la mtaa lipite bila kuulizwa.

Sisemi serikali isijue kitu. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki hii ipunguzwe, mradi iwe kwa sheria na kwa kiasi kinachofaa. Wasiwasi wangu ni kwamba daftari likishakuwepo halikosi mwingine wa kulitaka. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka KRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ipate data za watu kwa ajili ya kodi bila kubanwa na ile sheria ya 2019. Mswada wote ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni. Mwaka 2025 jambo likarudi kwa mlango mwingine, safari hii kwa kufuta kinga inayozuia KRA kuwadai wafanyabiashara data za wateja wao. Kamati ya Fedha ya Bunge, ambayo mwenyekiti wake wakati huo alikuwa mbunge wa Molo, jirani zenu hapo, ilikataa kifungu hicho baada ya kusikiliza maoni ya watu. Kwa hiyo kusema husaidia.

La mwisho. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa au kupotezwa kati ya Juni na Desemba 2024. Wengi walibebwa na watu wasio na sare. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anafika kwa keateka saa tatu usiku, anasema yeye ni afisa, anataka kujua fulani analala chumba gani. Keateka atamdai nini? Atamkatalia kwa sheria ipi? Hilo lijibiwe kabla ya fotokopi ya kwanza kupigwa.

Dereva mstaafu (Section 58, Nakuru)

Nimesoma mpaka hapo nikaweka simu chini, kisha nikairudia.

Mama wa Kaptembwo ana sababu yake na naiheshimu. Lakini mimi Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa naendesha matatu. Tulikuta kizuizi, mawe na gogo la mti, vijana wakatuamuru tutoe vitambulisho. Aliyechukua changu hakuitazama picha hata kidogo. Alikigeuza nyuma. Alikuwa anatafuta kata. Kidole chake kilikuwa na masizi, akawa anakipitisha kwenye mistari polepole kama mtoto anayejifunza kusoma. Mimi nikapita. Kondakta wangu alikuwa amesahau chake nyumbani, na kusahau huko ndiko kulikomwokoa. Walimsemesha kwa lugha yao akawajibu vizuri, kwa kuwa alikulia mlango mmoja na watu wa kabila hilo. Kadi ingesema mengine.

Kwa hiyo nikisikia karatasi inayoorodhesha ploti nzima, chumba kwa chumba, na nyumbani asili kando ya kila jina, na uchaguzi wa 2027 ndio huo unakuja, moyo unanienda mbio. Baba yangu naye miaka ya 1940 alivaa kipande, ile pasi ya kazi ya wakoloni, shingoni ndani ya kikebe cha chuma kwenye mashamba ya Wazungu huku Njoro, na mpaka anakufa hakupenda kitu chochote kining'inie shingoni mwake, hata tai ya harusi yangu aliikataa.

Sisemi wazee wa nyumba kumi ni wabaya. Wa kwetu ni rafiki yangu, tunacheza naye bao. Simwogopi yeye. Namwogopa atakayeingia kwake usiku akijua hiyo orodha iko kwenye kabati.

Mleta mada (Nakuru)

Mzee wangu, asante kwa kulisema hilo hadharani. Najua si rahisi.

Mama, kisa chako kimenikaa kichwani tangu jana usiku na kimenibadilisha mahali pamoja. Jina la jamaa wa karibu nilikuwa nataka liondolewe. Sasa nasema libaki. Lakini hebu tazama kilichokukwamisha siku zile nne. Ulikosa namba ya mtu mmoja wa kumpigia. Angekuachia ya rafiki, ya dada, ya mchungaji wake, usingehitaji kuijua Mumias. Pendekezo langu ni bahasha. Kila mpangaji aandike watu wawili anaowachagua mwenyewe, aifunge, aweke sahihi yake mdomoni mwa bahasha. Inafunguliwa akipatwa na jambo. Akihama anarudishiwa, na ataona kwa macho yake kama imeguswa.

Kaka wa bodaboda, wewe na mimi tunataka kitu kimoja, tulale salama. Nilipovunjiwa, polisi wawili walikuja. Hawakuuliza orodha ya wapangaji. Waliuliza kama taa ya nje huwa inawaka. Haikuwa imewaka tangu Krismasi. Hiyo nayo niliitaja kwenye kikao kilichopita na haikuandikwa kwenye ajenda, ila fotokopi iliandikwa ya kwanza. Na tukiwa tunasema asiye na la kuficha haogopi, yule binti alikuwa na la kuficha gani? Alikodi chumba, akalipa, akahama.

Kuhusu swali la Kisumu, anayekuja usiku adaiwe nini, mimi nataka daftari la pili: la wanaosoma la kwanza. Afisa aandike jina lake, namba yake ya kazi, kituo, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ya kesi anayofuatilia, tarehe, na jina la anayemtafuta. Asipoandika, asionyeshwe. Keateka awe na karatasi iliyopigwa muhuri na kikao chenyewe inayosema hivyo, ili asibaki peke yake gizani akibishana na mtu mwenye bunduki. Najua mwenye nia mbaya anaweza kumlazimisha. Lakini leo hahitaji hata kulazimisha, anauliza tu na anajibiwa.

Kikao ni saa nane. Wapangaji tulio wengi huwa tuko kazini saa hizo, na wenye ploti ndio wanaofika. Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Mnaoishi huku nanyi ombeni.

Mama mwenye ploti (Kaptembwo)

Mwanangu, bahasha nimeikubali. Nitaanza nayo mara moja, hata kabla ya hicho kikao chenu.

Nimetoka stoo sasa hivi. Kwenye katoni ya sabuni nimekuta fotokopi za watu walioshahama, nimezihesabu, ni 57. Wengine siwakumbuki hata sura. Panya wamekula pembe za chache, nyingine ziko safi kama zilivyotoka kwenye mashine. Nataka kuzichoma. Lakini kuna mmoja aliondoka 2021 usiku na kodi yangu ya miezi mitatu, na mwingine polisi walishawahi kuja kumuulizia mara moja, hawakurudi. Hao wawili nao nichome? Mwanafunzi wa Kisumu, nijibu.