Saratani ya tezi dume Gleason 9: auze shamba aende Chennai kwa protoni, au LINAC ya Dar inatosha?

Mlandege_77
Wakuu, shikamooni. Mzee ana miaka 68. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 34, Gleason 4+5, yaani 9 (alama ya ukali wa saratani, ya juu ni 10), MRI inaonyesha uvimbe umetoboa ganda la tezi dume upande wa kushoto. PET ya PSMA (picha ya mwili mzima inayotafuta saratani iliyosambaa) haikuona kitu kwenye mifupa wala tezi za limfu. Sindano za kushusha homoni ya kiume bado hajaanza. Ndugu wanataka auze shamba aende Chennai, India, kwa protoni (mionzi ya chembe badala ya eksirei), daktari anasema mionzi ya LINAC (mashine ya eksirei kali) hapa Dar inatosha. Je, protoni zinaponya zaidi?

Fizikia_Tiba
Pole kwa kuuguliwa. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba protoni zinaponya zaidi kuliko mionzi ya eksirei inayopangwa vizuri (IMRT). Jaribio la PARTIQoL la Marekani, lililolinganisha hizo mbili na kutoa matokeo 2024, liligawa wagonjwa 450 kwa kura. Baada ya miaka 2, hali ya utumbo ilikuwa sawa pande zote mbili. Na hao walikuwa wa hatari ndogo na ya kati, si kama mzee.

Faida ya protoni ni kwamba humwaga nguvu yake nyingi mwisho wa safari, kisha husimama. Kwa hiyo ile dozi ndogo inayotapakaa nyonga nzima hupungua. Lakini ukuta wa mbele wa puru (mwisho wa utumbo mpana) umegusana na tezi dume, nao hupata dozi kubwa kwa mashine yoyote ile. Damu inayotoka miezi au miaka baadaye hutokea hapo hapo.

Mahali protoni inaposimama hapajulikani kwa uhakika wa milimita, hivyo mpangaji huongeza ukingo, kwa kawaida asilimia 3.5 ya kina na milimita 1 hadi 3 juu yake. Ndiyo sababu miale hupigwa kutoka ubavuni, kupitia vichwa vya mifupa ya paja, isije ikakomea kwenye puru. Kama mzee aliwekewa nyonga ya chuma, semeni kabla ya kukata tiketi.

Nesi_wa_Onko
Mimi ningeanza na homoni kabla hata ya kulijadili shamba. Kwa ugonjwa huu homoni ina uzito kuliko aina ya mashine. Sindano yenyewe ni kama goserelini 10.8 mg kila wiki 12, kwa miezi 18 hadi 36. Bikalutamaidi 50 mg (kidonge cha kuzuia homoni ya kiume) ianze siku kadhaa kabla ya sindano ya kwanza, maana sindano hiyo hupandisha testosteroni kwanza ndipo iishushe.

Muulizeni daktari pia kuhusu abirateroni, kidonge kingine cha kushusha homoni ya kiume, kwa miaka 2. Mzee ana sifa mbili za kuitumia kwa mujibu wa STAMPEDE, jaribio kubwa la dawa hizi: uvimbe uliotoka nje ya ganda, na Gleason 8 kwenda juu. Katika matokeo ya 2022, baada ya miaka 6, asilimia 82 ya waliopewa walikuwa hai bila saratani kusambaa, dhidi ya 69 ya wasiopewa. Hunywewa 1000 mg tumbo likiwa tupu, pamoja na predinisoloni 5 mg. Pimeni presha, potasiamu na ini mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.

Mionzi kwa kawaida hufuata miezi 2 hivi baada ya homoni kuanza, kwa hiyo mna muda wa kupanga bila kumchelewesha.

Mlandege_77
Ahsanteni sana. Tukiamua, iwe Dar au Chennai, tuulize nini?

Fizikia_Tiba
Kwanza, je, tezi za limfu za nyonga zitapigwa mionzi pia? Jaribio la POP-RT la hospitali ya saratani ya Tata Memorial kule Mumbai, wagonjwa 224, lilitumia mashine za eksirei: waliopigwa tezi dume na nyonga, asilimia 95 walifika miaka 5 bila PSA kurudi, dhidi ya 81 waliopigwa tezi dume peke yake.

Pili, je, kila siku wanapiga picha mezani kabla ya kuwasha mwale? Vipande vidogo vya dhahabu hupandikizwa kwenye tezi kama alama. Kwa protoni viwe vyembamba, kwani kipande kinene huacha kivuli cha dozi nyuma yake. Aspirini au warfarini itajwe kabla ya kupandikizwa.

Jeli ya kutenganisha puru na tezi ni nzuri, ila uvimbe ukiwa umetokea nyuma huwa haishauriwi. "Upande wa kushoto" hakutoshi: aliyesoma MRI aseme mbele au nyuma.

Siku ya kipimo cha kupangia mionzi, akojoe, anywe maji mililita 400 hadi 500, asubiri dakika 30 hadi 45. Arudie hivyo hivyo kila kikao. Choo kitoke kabla. Gesi ikijaa kwenye puru, tezi husogea, na wafanyakazi wana haki ya kumshusha mezani. Msiwagombeze.

Nesi_wa_Onko
Baada ya tiba, PSA kila miezi 3 hadi 6. Ikipanda 2 juu ya kiwango cha chini kabisa ilichofikia, rudini. Na akitoka damu, yeyote atakayempima njia ya haja kubwa aambiwe alipigwa mionzi. Asikate kipande cha nyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa puru bila kuongea na daktari wa mionzi, kidonda hicho kinaweza kutoboka hadi kwenye njia ya mkojo.