Kusajili hati ya nyumba na rehani: Texas, Georgia au Florida?

Mhamaji: Wakuu, nachagua kati ya Houston, Atlanta na Orlando. Bei za nyumba zinakaribiana. Usajili wa hati na rehani una nafuu wapi?

Baba Neema: Unakopa kiasi gani? Una mke? Yupo nawe au nyumbani? Bila hayo tunapiga ramli.

BiSauda: Wakati tunamsubiri, tuseme nyumba ya dola 300,000, mkopo 240,000 wa miaka 30. Texas haina kodi ya uhamisho wa nyumba wala ya rehani. Unalipa ada ya usajili kwa kurasa tu. Georgia inatoza rehani dola 1.50 kwa kila 500, hapo ni 720. Florida ni senti 35 kwa kila dola 100, halafu asilimia 0.2 ya mkopo: 840 na 480, jumla 1,320. Kodi ya uhamisho kwa desturi ni ya muuzaji, Georgia 300, Orlando 2,100. Texas imeshinda.

Kigogo: Dada, ada unalipa mara moja. Kinachoumiza ni hati mbovu. Georgia inataka mashahidi wawili, mmoja wa kawaida na mmoja rasmi, ambaye huwa ni notari, yaani afisa wa kuthibitisha sahihi. Kosa la kawaida ni notari kuacha sehemu yake wazi. Karani akiipitisha bila kuona, hati inaingia kitabuni lakini haihesabiki kuwa taarifa kwa watu wengine. Mahakama ya Juu ya Georgia iliamua hivyo mwaka 2011. Mwenye nyumba akifilisika, msimamizi wa mufilisi anaweza kuiangusha rehani nzima. Kagua ukurasa wa sahihi kabla hujainuka mezani.

BiSauda: Ndiyo maana Georgia lazima wakili asimamie.

Kigogo: Wakili naye hupitiwa.

Juma_TX: Texas nako msibweteke. Hati isiyo na anwani ya posta ya mnunuzi inatozwa ada ya adhabu: dola 25 au mara mbili ya ada ya usajili, ile iliyo kubwa. Na Florida, tangu Januari 2024, kila shahidi wa hati aandike anwani yake.

Mwanahamisi: Mbona hamtaji North Carolina? Kule aliyetangulia kusajili ndiye mwenye haki, hata kama alijua mwenzake alinunua kwanza. Hati ikilala kwenye droo siku mbili tu, umeumia.

Baba Neema: Hakuuliza North Carolina.

Mhamaji: Samahanini. Nakopa 200,000. Mke yuko Mombasa.

Baba Neema: Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kusema! Nyumba ya makazi, mkopeshaji wa Texas au Florida atataka sahihi yake hata kama jina lake halimo. Anaweza kusaini mbele ya afisa wa Ubalozi wa Marekani Nairobi, wanatoza dola 50 kwa kila muhuri.

Juma_TX: Au notari wa mtandaoni. Texas wanaruhusu tangu 2018, Florida tangu 2020. Mkopeshaji akubali kwanza, wengine hawataki.

Kigogo: Na utasajili kaunti gani? Houston peke yake inagusa zaidi ya moja.